Ketoni na alkoholi katika asali

Ketoni na alkoholi ni aina mbili za kampaundi za kaboni ambazo sifa zake hukutana ndani ya molekuli moja katika asali. Sukari kuu ya asali, iitwayo fruktosi, ina kundi moja la ketoni na makundi matano ya alkoholi. Ketoni inaweza kugeuzwa kuwa alkoholi, na alkoholi ikageuzwa kuwa ketoni. Kazi hiyo hufanywa na wanakemia katika maabara na viwanda, hufanywa pia na bakteria na hamira. Joto nalo huivunja fruktosi kwa namna yake.

Mabadiliko hayo hutumika kutengeneza sorbitoli, manitoli na vitamini C. Vilevile huamua hatima ya asali baada ya kurinwa. Katika mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania, ufugaji wa nyuki ni chanzo cha kipato cha familia nyingi, na kosa dogo la joto au maji linatosha kuharibu mavuno ya msimu mzima.

Alkoholi na ketoni

Alkoholi ni kampaundi ambayo atomi yake ya kaboni imebeba kundi la oksijeni na hidrojeni, linaloandikwa OH. Alkoholi inayojulikana zaidi ni ethanoli, ile iliyomo ndani ya pombe. Ketoni ni kampaundi ambayo atomi ya kaboni imeshikana mara mbili na oksijeni, huku pande zake nyingine mbili zikishikana na kaboni nyingine. Ketoni sahili kuliko zote ni asetoni, ambayo hutumika kuondoa rangi ya kucha. Kama upande mmoja wa kaboni hiyo una hidrojeni badala ya kaboni, kampaundi huitwa aldehidi.

Tofauti kati ya ketoni na alkoholi inayolingana nayo ni atomi mbili tu za hidrojeni. Ketoni ikiongezewa hidrojeni mbili huwa alkoholi; mmenyuko huo huitwa upunguzaji, kinyume cha uoksidishaji. Alkoholi ikinyang'anywa hidrojeni mbili huwa ketoni au aldehidi. Huo ndio uoksidishaji. Ili ketoni ipatikane, kaboni yenye kundi la OH lazima iwe imeshikana na kaboni nyingine mbili. Ikiwa iko mwishoni mwa mnyororo, uoksidishaji huleta aldehidi, na ukiendelea huleta asidi.

Kugeuza kampaundi moja kuwa nyingine si jambo gumu lenyewe. Ugumu uko katika kuchagua: molekuli ikiwa na makundi kadhaa yanayofanana, mwanakemia anataka moja tu libadilike na mengine yabaki kama yalivyo. Sukari ni mfano mzuri wa tatizo hilo, kwa kuwa karibu kila kaboni yake ina kundi la alkoholi.

Muundo wa fruktosi

Fruktosi na glukosi zina fomula moja, C6H12O6. Zote zina kaboni sita na makundi matano ya alkoholi. Tofauti yake ni mahali pa kundi la sita: katika glukosi liko kwenye kaboni ya kwanza, hivyo ni aldehidi, katika fruktosi liko kwenye kaboni ya pili, hivyo ni ketoni.

Fruktosi ilitambuliwa mwaka 1847 na mwanakemia Mfaransa Augustin-Pierre Dubrunfaut. Katika miaka ya 1880 Mjerumani Heinrich Kiliani alionyesha kwamba ina kundi la ketoni. Mjerumani mwingine, Emil Fischer, alieleza mpangilio wa atomi katika sukari hizi na kuzitengeneza kwa mikono, na mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Ndani ya maji, molekuli nyingi za fruktosi hazikai wazi kama mnyororo. Kundi mojawapo la alkoholi hugeuka na kushikana na ketoni ya molekuli ileile, nao mnyororo hujifunga kuwa pete. Chini ya asilimia 1 ya molekuli huwa wazi kwa wakati mmoja. Hata hivyo pete hufunguka na kujifunga bila kukoma, kwa hiyo ketoni hiyo huweza kufikiwa na mmenyuko wowote unaoitafuta.

Asali ya kawaida ina takriban asilimia 38 ya fruktosi, asilimia 31 ya glukosi na asilimia 17 ya maji. Sehemu iliyobaki ni sukari nyingine, asidi, madini, chavua na vimeng'enya. Nyuki hukusanya nekta ya maua, ambayo mara nyingi ina sukari ya aina ya sukrosi, kama ile ya miwa. Kimeng'enya cha nyuki huikata sukrosi vipande viwili, kimoja glukosi na kingine fruktosi. Baadaye nyuki hupunguza maji kwa kupepea mabawa, kisha hufunika vijumba vya sega kwa nta.

Asali ya Singida

Mkoa wa Singida uko katika ukanda wa nusu ukame na hupakana na mikoa ya Dodoma, Manyara na Tabora miongoni mwa mingine. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na wakazi 2,008,058. Upande wa kusini na magharibi, katika maeneo ya Manyoni na Itigi yanayopitiwa na Reli ya Kati, kuna misitu ya miombo yenye miti ya jamii za Brachystegia na Julbernardia. Huko pia kuna vichaka vizito vya Itigi, ambavyo ni aina ya uoto usiopatikana sehemu nyingi duniani. Eneo hilo lina Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, iliyotengwa kwa ajili ya nyuki na mimea yao.

Upande wa kaskazini na katikati, katika wilaya za Iramba, Mkalama, Ikungi na Singida, mashamba ya alizeti ni mengi, nayo nyuki huyatembelea wakati wa maua. Nyuki hufaidi nekta na chavua, na alizeti hufaidi uchavushaji. Katika Mkalama, karibu na bonde la Ziwa Eyasi, wanaishi pia Wahadzabe, ambao tangu zamani hurina asali ya nyuki wa porini na huongozwa na ndege anayewaonyesha mzinga uliko.

Wafugaji hutumia mizinga ya magogo inayotundikwa mitini, na wengine hutumia mizinga ya kisasa yenye viunzi ambavyo sega hujengwa chini yake. Mzinga wa kisasa humwezesha mrinaji kutoa sega lililokomaa bila kugusa lenye majana. Ufugaji wa nyuki nchini unaongozwa na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Chanzo cha nekta kina athari kwa kemia ya asali. Asali yenye nekta nyingi ya alizeti ina glukosi nyingi kwa kulinganisha na asali nyingine, na huganda haraka, pengine ndani ya wiki chache tu. Jambo hilo la kawaida limekuwa chanzo cha kutoelewana kati ya wauzaji na wanunuzi, kama inavyoelezwa hapa chini.

Kugeuza ketoni kuwa alkoholi

Njia kongwe ya viwandani ni kuingiza gesi ya hidrojeni kwa shinikizo pamoja na kichocheo cha metali, kama vile nikeli, shaba au rutheni. Hidrojeni huvunjika juu ya metali na kujishika kwenye kundi la ketoni. Glukosi ikipitia njia hiyo huwa sorbitoli. Fruktosi huleta bidhaa mbili, sorbitoli na manitoli. Sababu ni kwamba kundi la ketoni ni bapa, na hidrojeni inaweza kuingia kutoka juu au kutoka chini. Kila upande huzaa alkoholi yenye umbo lake. Kichocheo cha shaba huongeza sehemu ya manitoli.

Bidhaa hizi mbili zina matumizi mapana. Sorbitoli huwekwa ndani ya dawa ya meno ili isikauke, na katika peremende zisizo na sukari. Manitoli hutumika hospitalini kupunguza uvimbe wa ubongo.

Katika maabara ndogo, njia rahisi zaidi ni sodiamu borohidridi. Ni unga mweupe unaotoa hidrojeni yenye chaji hasi, nayo hushambulia kaboni ya ketoni au ya aldehidi. Unga huo unaweza kutumika ndani ya maji au methanoli, wala hauyagusi makundi mengi mengine ya molekuli. Lithiamu alumini hidridi ina nguvu zaidi, lakini hulipuka moto ikikutana na maji. Mmarekani Herbert C. Brown, aliyeshiriki kugundua sodiamu borohidridi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kazi yake juu ya kampaundi za boroni. Mwaka 2001 Mjapani Ryoji Noyori alikuwa miongoni mwa waliotuzwa kwa vichocheo vinavyoingiza hidrojeni upande mmoja tu, hivyo kupata alkoholi ya umbo moja. Jambo hilo lina maana kubwa katika dawa, kwa kuwa mara nyingi umbo moja huponya na la pili halifai.

Kugeuza alkoholi kuwa ketoni

Kwa muda mrefu maabara zilitumia kampaundi za kromi kunyang'anya alkoholi hidrojeni zake. Njia hiyo hufanya kazi vizuri, lakini kromi ya aina hiyo husababisha saratani na huchafua maji, kwa hiyo imepunguzwa sana. Badala yake hutumika njia nyingine, kwa mfano sodiamu hipokloraiti, ambayo ndiyo dutu tendaji ya maji ya kung'arishia nguo. Ikichanganywa na asidi ya siki katika mazingira ya baridi, inaweza kugeuza alkoholi nyingi za katikati ya mnyororo kuwa ketoni.

Njia hizi zote zina udhaifu mmoja zikipewa sukari: hazijui kuchagua kati ya alkoholi tano au sita zinazofanana. Hapo ndipo viumbe hai huwashinda wanakemia. Katika miaka ya 1890 Mfaransa Gabriel Bertrand alichunguza bakteria wanaogeuza sorbitoli kuwa sorbosi. Sorbitoli ina makundi sita ya alkoholi, nao bakteria hao hugeuza moja tu kuwa ketoni na kuyaacha matano mengine. Kimeng'enya chao kina nafasi yenye umbo maalumu, na molekuli hukaa humo kwa namna moja tu.

Njia ya Reichstein

Mfano maarufu wa kuunganisha mabadiliko haya ni utengenezaji wa vitamini C uliobuniwa nchini Uswisi na Tadeus Reichstein na mwenzake, na kutangazwa mwaka 1934. Kianzio chake ni glukosi.

Hatua ya kwanza ni upunguzaji: aldehidi ya glukosi huongezewa hidrojeni na kuwa sorbitoli. Hatua ya pili ni uoksidishaji: bakteria hugeuza alkoholi moja ya sorbitoli kuwa ketoni, ikapatikana sorbosi. Hatua ya tatu ni kuficha: sorbosi huchanganywa na asetoni mbele ya asidi. Kila molekuli ya asetoni hushika makundi mawili ya alkoholi, kwa hiyo molekuli mbili huyafunika makundi manne na kuacha moja wazi. Hatua ya nne, kundi hilo lililobaki wazi huoksidishwa mpaka kuwa asidi. Mwishoni asetoni huondolewa, na molekuli hujifunga upya kuwa asidi askobiki, yaani vitamini C.

Katika mfululizo huo ketoni imetumika kwa namna mbili. Ketoni ya sorbosi ni sehemu ya bidhaa inayotafutwa, na asetoni ni kifuniko cha muda tu. Njia ya Reichstein ilishusha bei ya vitamini C na kuifanya ipatikane kwa wingi. Baadaye viwanda, hasa vya China, vilibuni njia inayotumia bakteria katika hatua mbili na kuacha kabisa kificho cha asetoni.

Glukosi kugeuka fruktosi

Glukosi inaweza kugeuka fruktosi bila kuongezwa wala kupunguziwa kitu chochote. Katika mazingira ya besi, hidrojeni huhama kutoka kaboni moja hadi nyingine, nayo molekuli hupitia umbo la katikati lenye alkoholi mbili jirani zilizoungana kwa kiungo maradufu. Kutoka hapo inaweza kurudi kuwa aldehidi au kwenda kuwa ketoni. Mmenyuko huo huitwa kwa majina ya Waholanzi Lobry de Bruyn na van Ekenstein, waliouchunguza mwishoni mwa karne ya 19.

Viwanda hufanya jambo hilohilo kwa kimeng'enya. Wanga wa mahindi hukatwa kuwa glukosi, kisha sehemu yake hugeuzwa kuwa fruktosi. Matokeo ni shira tamu yenye sukari zilezile mbili za asali, na kwa bei ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo shira hiyo hutumika duniani kuchakachua asali, na kuitambua kwa kupima sukari peke yake ni vigumu.

Njia mojawapo ya kuitambua ni kupima aina za kaboni. Mahindi, miwa na mtama hufyonza kaboni ya hewani kwa njia tofauti na miti na maua mengi yanayotembelewa na nyuki, hivyo sukari zake zina kaboni-13 nyingi kidogo. Asali iliyoongezwa shira ya mahindi au sukari ya miwa huonekana kwa kipimo hicho. Shira ya mchele haionekani, kwa kuwa mpunga hufyonza kaboni kama miti.

Kuganda kwa asali

Wanunuzi wengi huamini kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Imani hiyo si sahihi. Kuganda ni tabia ya asali halisi, na sababu yake hupatikana katika tofauti kati ya sukari zake mbili.

Gramu 100 za maji kwenye nyuzi joto 25 za sentigredi huyeyusha takriban gramu 400 za fruktosi, lakini gramu 100 hivi tu za glukosi. Katika asali, maji gramu 17 yamebeba fruktosi gramu 38, kiasi ambacho yanakimudu. Maji hayohayo yamebeba pia glukosi gramu 31, ambayo ni karibu mara mbili ya uwezo wake. Glukosi iliyozidi hutoka polepole na kuwa fuwele, hasa palipo na chembe za chavua au nta za kuanzia. Fruktosi hubaki katika hali ya umajimaji. Asali yenye glukosi nyingi, kama ya alizeti, huganda mapema. Yenye fruktosi nyingi hukaa miezi mingi bila kuganda.

Majaribio ya nyumbani nayo hayatoshi. Njiti ya kiberiti iliyochovywa ndani ya asali na kuwaka huonyesha tu kwamba asali haina maji mengi. Shira nzito nayo hupita jaribio hilo. Sisimizi hufuata au huacha kitu kwa sababu nyingi. Asali kuzama chini ya glasi ya maji ni matokeo ya uzito wake, na shira huzama vilevile.

Madhara ya imani hiyo ni makubwa kuliko inavyodhaniwa. Muuzaji ambaye asali yake imekataliwa kwa kuwa imeganda hushawishika kuichemsha ili iwe maji tena. Kwa kufanya hivyo huiharibu asali iliyokuwa nzuri, na kuifanya ikataliwe kwa sababu ya kweli pale itakapofika maabara.

Athari ya joto

Fruktosi ikipata joto mbele ya asidi hupoteza molekuli tatu za maji na kuwa hidroksimethilifurfurali, ambayo kwa kifupi huandikwa HMF. Makundi yake mengi ya alkoholi huondoka pamoja na maji hayo, na kinachobaki ni pete yenye kundi moja la alkoholi na moja la aldehidi. Asali ina asidi yake ya asili, hasa asidi glukoniki, ambayo hutokana na kimeng'enya cha nyuki kuoksidisha glukosi. Kwa hiyo asali ina kila kinachohitajika kwa mmenyuko huo isipokuwa joto. Fruktosi hupitia mmenyuko huo kwa urahisi kuliko glukosi kwa sababu ya ketoni yake.

Asali iliyotoka mzingani ina HMF kidogo sana. Kiasi huongezeka kwa muda na kwa joto. Ili kufikia takriban miligramu 30 hadi 40 kwa kilo, asali huhitaji siku 100 hadi 300 kwenye nyuzi 30, siku 20 hadi 50 kwenye nyuzi 40, siku 4 hadi 10 kwenye nyuzi 50, siku 1 hadi 2 na nusu kwenye nyuzi 60, na saa 5 hadi 14 kwenye nyuzi 70. Kwa jumla, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha mmenyuko mara nne hadi tano.

Viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius huruhusu HMF isiyozidi miligramu 40 kwa kilo, na miligramu 80 kwa asali inayotoka nchi za joto. Nafasi hiyo ya ziada inatambua kwamba katika nchi kama Tanzania asali huzeeka haraka hata bila kosa la mfugaji. Hata hivyo ndoo iliyowekwa chini ya paa la bati, au chupa zilizopangwa juani kandokando ya barabara, zinaweza kupitwa na kiwango hicho mapema.

HMF yenyewe si sumu kali kwa binadamu katika kiasi kinachopatikana ndani ya asali; kahawa iliyokaangwa ina nyingi zaidi. Hupimwa kwa sababu ni kama saa inayoonyesha asali imekaa muda gani na imepashwa moto kiasi gani. Kwa nyuki, hata hivyo, HMF nyingi ni hatari, kwa hiyo hawapaswi kulishwa asali iliyochemshwa.

Kipimo cha kale cha HMF, kinachoitwa kwa jina la Fiehe tangu mwaka 1908, hutumia resosinoli na asidi ya hidrokloriki. Rangi nyekundu huonyesha kwamba HMF ni nyingi. Kipimo cha Seliwanoff cha mwaka 1887, ambacho wanafunzi hukifanya shuleni kutofautisha sukari zenye ketoni na zenye aldehidi, hutumia kemikali hizohizo. Katika kipimo hicho asidi na joto hugeuza fruktosi kuwa HMF papo hapo, nayo huleta rangi nyekundu kabla ya glukosi.

Athari ya maji

Adui wa pili wa asali ni maji. Hamira zinazostahimili sukari nyingi huwamo ndani ya asali karibu zote, lakini haziwezi kukua pasipo maji ya kutosha. Asali yenye maji chini ya asilimia 17 haichachi. Kati ya asilimia 17 na 20 hutegemea wingi wa hamira. Zaidi ya asilimia 20 hatari ni kubwa, na hicho ndicho kikomo cha kawaida cha Codex.

Hamira hukata kila molekuli ya sukari vipande viwili vya asidi piruviki, ambayo yenyewe ina kundi la ketoni. Asidi hiyo hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kuwa asetaldehidi, kisha asetaldehidi huongezewa hidrojeni na kuwa ethanoli. Hivyo molekuli moja ya sukari huleta mbili za ethanoli na mbili za kaboni dioksidi. Gesi hiyo ndiyo huleta povu na kuvimbisha dumu. Bakteria wa siki wakipata hewa huioksidisha ethanoli kuwa asidi, na asali huwa na ladha kali.

Mmenyuko huohuo ukifanywa kwa makusudi huleta wanzuki, pombe ya asali inayojulikana katika sehemu nyingi za Tanzania. Mtengenezaji wa wanzuki huongeza maji ili hamira ifanye kazi. Mfugaji anayeuza asali huyazuia maji kwa sababu ileile.

Kuganda huongeza hatari hiyo. Fuwele za glukosi zinapojitenga, maji yaliyokuwa nayo hubaki katika sehemu isiyoganda, ambayo huwa nyepesi zaidi. Asali iliyokuwa salama ikiwa maji inaweza kuanza kuchacha juu baada ya kuganda.

Mwilini

Mwili wa binadamu hufanya mabadiliko yaleyale. Katika baadhi ya viungo glukosi hupunguzwa kuwa sorbitoli, kisha sorbitoli huoksidishwa kuwa fruktosi. Mtu mwenye kisukari kisichodhibitiwa huwa na glukosi nyingi katika damu, na sorbitoli huweza kurundikana ndani ya lenzi ya jicho na neva. Mrundikano huo unahusishwa na mtoto wa jicho. Asali, ingawa ni ya asili, ni sukari, na huongeza sukari katika damu.

Utunzaji wa asali

Tahadhari za mfugaji hutokana moja kwa moja na kemia iliyoelezwa. Masega hurinwa yakiwa yamefunikwa kwa nta kwa sehemu kubwa, kwa kuwa yaliyo wazi bado yana maji mengi. Majana hutengwa, na vyombo huwa vikavu kabisa. Asali hufyonza unyevu wa hewa, kwa hiyo chombo hufunikwa vizuri mara tu baada ya kuchuja. Kipimo kidogo cha mkononi kiitwacho refraktomita huonyesha kiasi cha maji kwa tone moja.

Ghala linafaa kuwa la kivuli na lenye hewa, mbali na bati tupu. Asali iliyoganda huyeyushwa kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 hadi 45, bila sufuria kugusa moto. Nyuki wenyewe hulea majana yao katika joto la nyuzi 34 hadi 35, kwa hiyo joto hilo halizidi sana lile la mzinga. Kazi hiyo huweza kuchukua saa nyingi, nayo asali hupozwa mara inapokamilika. Asali inayouzwa ikiwa imeganda, pamoja na maelezo kwamba kuganda si dalili ya uchakachuaji, hubaki na ubora wake kuliko iliyochemshwa ili ipendeze machoni.